Nikipungua uzito, seli za mafuta huenda wapi, na je, aina ya chakula huzibadili?

Mdadisi

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaleta swali hili hapa kwa sababu kila niliyemuuliza amenipa jibu lake kwa uhakika mkubwa, na majibu hayo hayapatani hata mawili.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na uzito wa kilo 96. Nilijinyima kwa miezi minane, nikashuka hadi kilo 82, mkanda wa suruali ukaingia ndani matundu manne na mwishowe nikalazimika kutoboa la tano kwa msumari. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Miezi kumi na minne baadaye nimerudi kilo 94, ninafungia tundu la mwisho kabisa, na lile nililolitoboa kwa mkono wangu limebaki karibu na bizimu bila kazi. Mwezi uliopita kipimo cha ultrasaundi kilionyesha mafuta kwenye ini, na sukari niliyopimwa asubuhi kabla ya kula chochote ilikuwa milimoli 6.3 kwa lita. Daktari alisema bado si kisukari, ila njia niliyoshika inaelekea huko.

Sasa mtu mmoja ananiambia kwamba seli za mafuta hazifi kamwe, hulala tu zikisubiri nishibe. Mwingine anataka kuniuzia unga ambao, kwa maneno yake, huziyeyusha seli hizo zikatoka na haja. Wa tatu anasema kosa langu lote ni wanga. Ninachotaka kuelewa ni hiki: nilipopungua zile kilo 14, seli zilikufa au zilisinyaa, na mafuta yaliyokuwamo yalikwenda wapi? Je, aina ya chakula hubadilisha chochote ndani ya seli hizo, au ni wingi tu unaohesabiwa? Na kwa nini uzito ulirudi upesi namna ile, hali ninaapa kwamba sikurudia kula kama zamani? Naomba anayejua anieleze kwa utaratibu, hata kama maelezo ni marefu, nitayasoma yote.

Jicho la Hadubini

Ndugu Mdadisi, kazi yangu ni kuandaa vipande vya tishu kwa ajili ya hadubini, na kwa miaka kumi na mitatu nimeitazama tishu ya mafuta karibu kila juma. Nianze na umbo la kitu chenyewe, kwa sababu ukishaliona, maswali yako mengine yatapata mahali pa kukaa.

Seli ya mafuta meupe ni mfuko uliojaa tone moja kubwa la mafuta, ambalo huchukua zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nafasi yote. Kiini cha seli kimesukumwa ukingoni kikabanwa hadi kikawa bapa, mfano wa kito kwenye pete, na kila kitu kingine kimebaki utando mwembamba unaolizunguka tone. Tunapoandaa kipande kwa njia ya kawaida, alkoholi na viyeyushi tunavyotumia kabla ya kuingiza nta huondoa mafuta yote, kwa hiyo kinachoonekana kwenye kioo ni vyumba vitupu vilivyopangana, kuta zake nyembamba kama uzi, mithili ya sega la nyuki lililokwisha kukamuliwa asali. Mwanafunzi anayekiona kwa mara ya kwanza hudhani tumeharibu kipande. Katika mtu mwembamba vyumba hivyo ni vidogo na vinakaribiana kwa ukubwa. Katika mtu aliyenenepa vimevimba, na vingine vina kipenyo kinachozidi maikromita 100. Usidharau tofauti hiyo ukidhani ni ndogo, kwa maana ujazo hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo: seli iliyoongezeka kipenyo mara mbili inabeba mafuta mara nane.

Kuhusu kufa na kutokufa, jibu lililonishangaza zaidi lilitoka mwaka 2008, katika jarida la Nature, kwa kundi la Kirsty Spalding na Peter Arner wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa hewani hadi mwaka 1963 yaliongeza kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho, katika anga la dunia nzima. Kaboni hiyo ikaingia kwenye mimea, kutoka mimea ikaingia kwenye chakula, na kutoka chakula ikaingia katika DNA ya kila seli iliyokuwa inazaliwa. Kiwango chake kimekuwa kikishuka tangu wakati huo, kwa hiyo DNA ya seli imebeba alama ya mwaka ilipozaliwa. Watafiti waliposoma alama hiyo katika seli za mafuta waligundua kwamba takriban asilimia 10 ya seli hizo hufa na kubadilishwa kila mwaka, kwa wembamba na kwa wanene vilevile. Idadi, hata hivyo, haikubadilika kwa watu wazima. Waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula walipopimwa tena miaka miwili baadaye, wakiwa wamepungua sana, seli zao zilikuwa ndogo zaidi lakini idadi ilikuwa ileile.

Basi aliyekuambia kwamba seli hazifi amekosea, na anayekuuzia unga amekosea zaidi. Seli zako zilisinyaa. Zilizokufa zilipata warithi.

Mafuta yenyewe huhifadhiwa kama trigliseridi, yaani asidi tatu za mafuta zilizoshikamana na gliseroli. Mwili unapohitaji nishati, vimeng'enya hukata viungo hivyo kimoja kimoja, asidi hutoka na kuingia kwenye damu zikiwa zimebebwa na protini iitwayo albumini, na misuli na viungo vingine huzichoma kwa oksijeni. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu ya mwisho wa safari hiyo: katika kila kilo 10 za mafuta zinazochomwa kabisa, kilo 8.4 hutoka mapafuni kama hewa ya kabonidayoksaidi na kilo 1.6 huwa maji. Mafuta yako, ndugu yangu, kwa sehemu kubwa uliyatoa kwa pumzi. Hayakupita chooni, na hakuna unga utakaoyapitisha huko. (Wala kuhema kwa makusudi hakusaidii, pumzi hutoa tu kile ambacho mwili umekwisha kukichoma.)

Nimalizie na jambo moja linalohusu tamaa ya kuziondoa seli kwa nguvu. Mwaka 2004 kundi la Samuel Klein huko St. Louis, Marekani, liliwachunguza wanawake 15 wenye unene uliokithiri walionyonywa karibu kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo. Majuma 10 hadi 12 baadaye mwitikio wao kwa insulini, homoni inayoratibu sukari ya damu, ulikuwa haujabadilika. Seli zilitolewa, lakini ini na misuli havikupata nafuu yoyote.

Mlishi

Ninashukuru kwa maelezo ya ndugu yangu wa hadubini. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na ningependa kuingia kwenye swali la aina ya chakula, ingawa kwanza nirekebishe kidogo hilo la idadi. Kwa ujumla ni kweli kwamba idadi hutulia ukubwani, lakini si kila sehemu ya mwili hufuata kanuni hiyo kwa namna moja. Mwaka 2010 kundi la Michael Jensen wa Mayo Clinic lilichapisha matokeo ya watu wazima 28 waliokula kupita mahitaji yao kwa majuma 8. Tumboni, chini ya ngozi, seli zao zilivimba tu. Mapajani mambo yalikuwa tofauti: kwa wastani wa kilo 1.6 za mafuta yaliyoongezeka sehemu ya chini ya mwili, zilizaliwa seli mpya zipatazo bilioni 2.6. Ninaliona jambo hili kuwa la maana sana, na nitaeleza sababu yake baadaye kidogo.

Ukimaliza kula, insulini hupanda. Kwenye kuta za mishipa midogo inayopita kati ya vile vyumba alivyovieleza mwenzangu, kuna kimeng'enya kinachofungua vifurushi vya mafuta vinavyosafiri katika damu ili seli iyapokee. Insulini hukihimiza kimeng'enya hicho, na papo hapo hufunga mlango wa kutokea. Saa chache baadaye insulini inashuka, adrenalini na homoni nyingine zinapata nafasi ya kusikika, na seli huanza kutoa ilichopokea. Kuingia na kutoka huku hakukomi, usiku na mchana, kwa mtu mnene na kwa mwembamba. Unene ni tofauti ndogo iliyobaki kila siku kwa miezi na miaka, na ndiyo maana mtu hawezi kuutafuta katika mlo mmoja.

Sasa wanga. Watu husema wanga hugeuka mafuta, na kikemia inawezekana, hasa kwenye ini na hasa sukari inapozidi sana. Lakini kwa ulaji wa kawaida wa binadamu kiasi kinachotengenezwa hivyo ni kidogo. Kinachotokea zaidi ni kwamba mwili huchoma wanga kwanza, na mafuta uliyokula pamoja nao huachwa yaende ghalani bila kuguswa. Mwisho wake ni uleule, lakini sababu si ile inayotajwa, na ukiielewa hutashangaa kwamba watu waliopunguza wanga na watu waliopunguza mafuta hufika karibu mahali pamoja. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12, nusu wakipunguza mafuta, nusu wakipunguza wanga, na wote wakihimizwa kula mboga kwa wingi na kuacha sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa. Wa kwanza walipungua wastani wa kilo 5.3, wa pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ndani ya kila kundi, lakini, walikuwamo waliopungua sana na walioongezeka, na hiyo ndiyo sababu mimi simlazimishi mtu mlo ambao hawezi kuishi nao.

Je, ni wingi tu basi? Hapana, kwa sababu aina ya chakula huamua wingi bila wewe kujua. Mwaka 2019 Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani aliwaweka watu 20 wodini kwa mwezi mmoja, majuma mawili wakila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na majuma mawili vyakula vilivyosindikwa kidogo, milo ikiwa imelinganishwa kwa nishati, sukari, mafuta, chumvi na makapimlo (nyuzinyuzi), nao wakiruhusiwa kula kadiri watakavyo. Walipokuwa kwenye vile vya kwanza walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vya pili walipungua kiasi hichohicho. Hakuna aliyewaambia wale zaidi.

Aina ya mafuta nayo ina neno lake, na kwa kuwa umetaja ini lako, soma sehemu hii polepole. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, waliwapa vijana 39 wenye uzito wa kawaida keki ndogo za kula kila siku juu ya milo yao kwa majuma 7. Keki za kundi moja zilitengenezwa kwa mafuta ya mawese, za kundi la pili kwa mafuta ya alizeti; sukari na unga vilikuwa sawasawa. Makundi yote mawili yaliongezeka kilo 1.6. Lakini waliokula mawese, ambayo yana mafuta yaliyoshiba mengi, walilimbikiza mafuta kwenye ini na kuzunguka viungo vya ndani ya tumbo kwa kiasi kilichozidi waziwazi cha wenzao wa alizeti. Mizani ingewaambia wote jambo moja, na ingewadanganya.

Seli hata huweka kumbukumbu ya ulichokula. Kuna asidi ya mafuta iitwayo linoleiki, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza, kwa hiyo yote iliyomo kwenye seli imetoka mezani. Vipande vya mafuta vya Wamarekani vilivyopimwa katika tafiti mbalimbali vilionyesha kwamba sehemu ya asidi hiyo ilipanda kutoka karibu asilimia 9 mwaka 1959 hadi karibu asilimia 21 mwaka 2008, sambamba na kuongezeka kwa mafuta ya mbegu katika vyakula vyao. Mabadiliko hayo huenda taratibu. Nusu ya asidi hiyo iliyomo kwenye seli huchukua takriban miaka miwili kubadilishwa.

Narudi kwenye mapaja na tumbo. Seli iliyovimba sana hupata shida ya oksijeni, huanza kuita seli za ulinzi wa mwili, na nyingine hufa zikabaki zimezungukwa na walinzi hao kama taji. Tishu inapofika hapo haiisikii insulini vizuri, hivyo asidi za mafuta huvuja wakati zilipaswa kutulia, na kwa kuwa haziwezi kukaa kwenye damu, hutafuta makazi katika ini, misuli na kongosho. Mafuta yaliyo kwenye ini lako ni wageni waliokosa chumba. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa watu wachache waliozaliwa bila tishu ya mafuta: hawana kitambi hata kidogo, lakini wengi wao hupata ini lenye mafuta na kisukari kikali wakiwa bado vijana, kwa sababu mafuta wanayokula hayana ghala. Ndiyo maana huwa naumia ninaposikia watu wakiahidiwa dawa ya kuziua seli hizi. Seli ndogo yenye nafasi ndani yake inakulinda. Unachohitaji ni kuipa nafasi.

Na nafasi hiyo hupatikana mapema kuliko unavyodhani. Mwaka 2016 kundi lilelile la Klein lilionyesha kwamba kupungua asilimia 5 tu ya uzito kuliboresha mwitikio wa insulini katika ini, misuli na tishu yenyewe ya mafuta. Kwako wewe hizo ni kilo 4.7.

Mfungaji

Pamoja na heshima zote kwa wataalamu, mimi niliacha wanga kabisa na nikapungua kilo tano katika wiki ya kwanza. Naomba mnieleze ni mlo gani mwingine unaochoma mafuta kwa kasi hiyo. Ndugu Mdadisi, usizungushwe na maneno mengi. Acha wanga tu.

Mlishi

Ndugu Mfungaji, sina ugomvi na mlo wako ikiwa unakufaa na vipimo vyako ni vizuri. Ila kilo tano zile hazikuwa mafuta, na ni bora Mdadisi ajue hivyo mapema. Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni kwenye ini na misuli, jumla yake kama nusu kilo, na kila gramu imeshikana na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba hiyo hutumika, maji yake hutoka, na figo nazo hutoa chumvi na maji mengine insulini inaposhuka. Kilo moja ya tishu ya mafuta ina takriban kilokalori 7,700. Kilo tano zingekuwa 38,500, yaani upungufu wa kilokalori 5,500 kila siku kwa siku saba, kiasi kinachozidi maradufu matumizi ya kutwa nzima ya watu wengi. Hatari ya furaha ya wiki ya kwanza ni huzuni ya wiki ya tatu, pale mizani inaposimama wakati mafuta ndiyo kwanza yameanza kutoka kwa mwendo wake halisi, na mtu akaacha kila kitu.

Miaka Sita

Mimi si mtaalamu. Nilipungua kilo 22, na kwa miaka sita sasa sijazidi kilo nne juu ya hapo. Nataka kumjibu kaka Mdadisi swali lake la mwisho, kwa sababu hilo ndilo lililonifanya nilie kabla sijalielewa.

Mwanzoni niliamini kwamba kupungua ndiyo kazi, na kubaki hapo ni mapumziko. Kumbe seli zilizosinyaa hazinyamazi. Hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, na kazi yake mojawapo ni kuujulisha ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Ukijinyima, leptini hushuka upesi kuliko mafuta yenyewe, na ubongo husoma kwamba njaa imeingia nchini. Hamu ya kula hupanda, na mwili huanza kubana matumizi. Kwa hiyo unaposema kwamba hukurudia kula kama zamani, nakuamini kabisa: mwili wa kilo 82 hauhitaji chakula cha mwili wa kilo 96, na juu ya hapo umejifunza ubahili. Ulaji ulio kati ya ule wa zamani na ule wa mfungo unatosha kukurudisha ulikotoka, bila wewe kufanya uzembe wowote.

Mwaka 2024 nilisoma utafiti wa ETH Zürich, Uswisi, nikaona kama umeandikwa juu yangu. Waligundua kwamba seli za mafuta za watu na za panya waliowahi kunenepa hubaki na alama zake hata baada ya kupungua, hasa katika jinsi jeni zake zinavyowashwa na kuzimwa, na panya wenye alama hizo walinenepa upesi zaidi walipopewa tena chakula chenye mafuta mengi. Habari hiyo iliniondolea aibu niliyokuwa nimeibeba kwa muda mrefu. Nilikuwa nikidhani nina roho dhaifu.

Nitaeleza ninachofanya, kila mtu apime linalomfaa. Ndani ya mlango wa kabati nimebandika kalenda, na kila Jumamosi asubuhi kabla ya kunywa chochote naandika namba mbili, uzito na mzunguko wa kiuno. Namba ya pili ndiyo ninayoiheshimu zaidi, nikijitahidi isizidi nusu ya urefu wangu. Nikipanda kilo tatu sisubiri ya nne. Narudi kwenye milo niliyokuwa nikila wakati wa kupungua kwa majuma mawili au matatu. Kila mlo una protini ya kutosha na kitu chenye nyuzinyuzi, iwe jamii ya kunde, mboga au nafaka isiyokobolewa, kwa kuwa bila hivyo njaa hunirudia ndani ya saa mbili. Natembea dakika 50 kila siku. Na nalala, kaka yangu, kwa sababu usiku nisiolala hunifuata mezani kesho yake.

Mdadisi

Nimesoma yote mara mbili, na nimemwandikia yule wa unga kwamba sitanunua. Dada Miaka Sita, ile sentensi kuhusu roho dhaifu nimeinakili. Lengo langu la kwanza sasa si 82 tena bali hizo kilo 4.7, na nitakapozifikia nitakaa hapo miezi kadhaa kabla ya kutafuta nyingine.

Nina swali moja la ziada, na ninaliuliza kwa woga. Ikiwa idadi ya seli hutulia ukubwani, maana yake huongezeka utotoni. Binti yangu ana miaka 11 na ameanza kujaza mwili. Je, nimwanzishie mlo wa kupunguza uzito sasa, kabla idadi haijatulia?

Mlishi

Hapana, ndugu yangu, usimwanzishie, na ninafurahi kwamba umeuliza kabla ya kufanya. Ni kweli kwamba idadi hupanda kuanzia utotoni hadi mwishoni mwa ujana, na katika ule utafiti wa Karolinska kupanda huko kulianza mapema zaidi kwa waliokuja kuwa wanene. Lakini msichana wa umri huo yuko mlangoni mwa balehe, na mwili wake unatakiwa kuongeza mafuta. Leptini inayotoka katika seli hizo ni mojawapo ya ishara ambazo ubongo huzisubiri ili hedhi ianze na iendelee. Ukimnyima chakula sasa unaweza kugusa urefu wake na mifupa yake, na kumfundisha kuuogopa mwili wake mwenyewe.

Badilisha nyumba nzima badala ya sahani yake peke yake. Maji yachukue nafasi ya vinywaji vyenye sukari, kwa kila mtu, wewe ukiwa wa kwanza. Vyakula vya pakiti visikae mahali vinapoonekana. Apate angalau dakika 60 za kucheza au kukimbia kila siku, na usingizi wa saa 9 hadi 12. Usimpime mbele ya watu wala usiutaje umbo lake, hata kwa kusifu.

Kisha mpeleke kliniki akapimwe urefu na uzito kwa pamoja, na uende na kumbukumbu zake za nyuma kama bado unazo. Kipimo kimoja hakisemi kitu; kinachotazamwa ni mstari wa ukuaji wake, kama unaendelea katika njia yake au umeanza kuvuka ngazi kwenda juu. Hata ukiwa umevuka, mara nyingi tunachoomba kwa mtoto anayerefuka ni uzito utulie kwa muda huku urefu ukiufikia, bila kupungua hata kilo moja.